Ngazi ya Nne na Kijumba cha Babu

Benchi lenyewe halina mvuto: ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya matairi mawili ya lori, ncha moja juani na nyingine ndani ya kivuli cha stesheni mpya. Lakini ukitaka habari za Bangkok kabla hazijatangazwa, na nyingine ambazo hazitatangazwa kamwe kwa kuwa ni za uongo, basi fika hapa mdomoni mwa kichochoro saa nne asubuhi, abiria wa kwenda kazini wakishakwisha. Utawakuta waendesha pikipiki wa kijiwe hiki katika vizibao vyao vya rangi ya chungwa, kila mmoja na namba yake mgongoni, wananyonya kahawa ya barafu kwa mrija kutoka kwenye mifuko ya nailoni, na kubishana kana kwamba wanalipwa. Kahawa ni ya Shangazi Champi, anayeichuja kwa soksi ndefu ya kitambaa iliyokwisha kuwa nyeusi tii, na hiyo soksi haioshi kwa sabuni hata umpigie magoti. Hatua tatu kutoka benchini, juu ya nguzo, kimesimama kijumba cha Babu, mzimu ambaye ndiye bwana wa mahali hapa: kijumba cha ukubwa wa kizimba cha njiwa, paa jekundu lenye ncha, tembo wawili wa udongo mlangoni, na chupa ya soda nyekundu iliyokwisha tiwa mrija, ili Babu asihangaike.

Asubuhi hiyo Mjomba Sawat hakuwa na hamu ya kahawa wala ya ubishi. Yeye ndiye namba moja, mkubwa wa kijiwe, mzee wa miaka sitini na moja mwenye mapaja yaliyozoea siti, na barafu yake ilikuwa inayeyuka bila kuguswa. Injinia wa mradi wa treni alikuwa anakuja saa tano kutoa uamuzi wa mwisho.

Stesheni ilibakiza ngazi moja tu. Tatu zilikwisha jengwa kule mbele. Ya nne ilichorwa ishuke hapa hapa, na mguu wake ukanyage pale pale kiliposimama kijumba cha Babu. Wiki mbili nyuma dereva wa katapila alikuja, akakiona kijumba, akazima mashine, akaunganisha viganja usoni, akaomba radhi, akaenda kula. Hakurudi. Aliyeletwa baada yake akafanya vivyo hivyo, ila yeye hakuaga hata mashine.

— Leo tunajua moja, alisema Uan, namba saba. Uan ni kusema mnene, jina alilobandikwa akiwa na miezi mitatu. Siku hizi kizibao kinampwaya kama kimeanikwa kwenye kamba. — Ngazi ikishuka hapa, tunakula. Ikishuka ng'ambo, kwa wale nyang'au wa kituo cha mafuta, tumekwisha.

— Si tutavuka tukawachukue abiria huko huko? aliuliza Mek, aliyejiunga na kijiwe mwaka jana tu, baba wa watoto wawili na mwenye maswali kama wao.

— Uvuke uende wapi? alimkemea Kop. Kop ni kusema chura, na koo analo. — Abiria ni wa kijiwe anakoteremkia. Ukimgusa abiria wa ng'ambo watakuvua kizibao na suruali juu yake.

— Basi avuke abiria.

— Njia nane za magari, Mek! Mama wa watu, na mifuko ya sokoni, avuke njia nane aje kumtafuta nani? Wewe? Hiyo sura umeiona lini mara ya mwisho?

Benchi lilicheka. Hata Shangazi Champi alicheka, mgongo kawageuzia, soksi ya kahawa mkononi. Mjomba Sawat peke yake alitazama kijumba, akatazama saa, akatazama kijumba tena.

— Mjomba leo kameza nini? Uan aliuliza.

— Niache.

— Usiwe na wasiwasi, Mjomba. Mimi najua kinachoendelea. Babu mwenyewe ndiye hataki reli. Hebu hesabuni vizuri. Stesheni hii tuliahidiwa miaka mitatu, leo ni mwaka wa saba. Mkandarasi wa kwanza alifilisika kwa sababu gani?

— Kwa sababu aliiba, alisema Kop.

— Hapana! Wote wanaiba na hawafilisiki. Yule aliegesha lori la kokoto mbele ya mlango wa Babu, siku mbili mfululizo, Babu haoni hata barabara. Siku ya tatu benki ikamfungia. Nilikuwepo, nililiona lile lori kwa macho haya.

— Lori uliliona. Benki uliiona?

— Kop, wewe kazi yako ni kubisha tu.

— Sibishi, nakurekebisha. Kosa si lori. Kosa ni miguu. Kop alishuka benchini ili apate nafasi ya kuzungumza kwa mikono. — Fikirini kwa utaratibu. Treni inapita wapi? Juu. Babu anakaa wapi? Chini. Kila asubuhi watu elfu kumi wenye viatu watapita juu ya kichwa cha Babu. Wewe ungekubali? Mimi mtoto wa kaka yangu akinyoosha mguu kuelekea kwenye mto wangu wa kulalia namfukuza nyumbani, sembuse watu elfu kumi, tena wengine wametoka kukanyaga soko la samaki!

— Loo! alisema Mek. Hilo hata mimi sikuliwaza.

— Hukuliwaza kwa sababu hujaanza kuwaza. Treni ya majaribio ilisimama hapa juu dakika arobaini mwezi uliopita, mnakumbuka? Redio ikasema umeme. Umeme gani, wakati friji ya Shangazi ilikuwa inanguruma? Babu aliishika. Aliishika hivi, kwa tumbo, akawa anawaangalia mainjinia mmoja mmoja, nani kavaa viatu gani.

— Friji yangu ilikuwa imezimwa siku hiyo, alisema Shangazi Champi bila kugeuka.

— Shangazi, unaniharibia.

— Nimesema tu.

Mjomba Sawat alisikia haya yote kama mtu anayesikiliza kesi yake mwenyewe ikisomwa. Usimshangae. Watu wote wa benchi lile walijua kwamba Babu yumo kijumbani. Yeye peke yake alijua kwamba hayumo.

Miaka ishirini na mbili iliyopita, kijiwe kikiwa kichanga, askari wa manispaa walikuwa wanakuja kila Jumanne kubeba benchi. Wakibeba, kina Sawat wanatengeneza jingine. Jumanne inayofuata linabebwa nalo. Alfajiri moja Sawat alimshusha abiria nyuma ya hekalu, na hapo chini ya mti akaviona vijumba vikuukuu. Wenyewe walikwisha nunua vipya, na vile vya zamani wakavileta vikapumzike mahali patakatifu, wala hakuna mtu mwenye akili zake anayevigusa. Sawat alivigusa. Alichagua kimoja chenye paa zima, akakifunga kamba juu ya siti ya nyuma, akakileta kichochoroni polepole kama anayepakia bibi harusi. Nguzo aliifuata safari ya pili.

Kwa desturi, anayesimamisha kijumba humwita mzee wa ibada mwenye mavazi meupe, achague siku na saa, aweke meza ya vyakula, amkaribishe bwana wa mahali aingie nyumbani kwake. Sawat hakumwita mtu. Aliwasha vijiti vitatu vya ubani akakaa pembeni kusubiri Jumanne. Askari wakaja, mkubwa wao akakiona kijumba, akavua kofia, akaomba radhi kwa makelele, akawaambia vijana wake turudini. Benchi halikuguswa tena hadi leo.

Ujanja ukafaulu kuliko alivyotaka. Watu wakaanza kuomba. Uan aliomba namba za bahati nasibu, akapata, si mara moja, mara mbili. Kop aliomba mama mkwe wake ahamie kwa shemeji, na kabla mwezi haujaisha mama mkwe kafunga mizigo. Sawat akawa anacheka kimoyomoyo. Aliacha kucheka mwaka ule Fon, binti wa Shangazi Champi, alipolazwa kwa homa ya dengi akiwa na miaka tisa, damu inamtoka puani. Shangazi alipiga magoti mbele ya kijumba kitupu, akaahidi mayai mia moja mtoto akipona. Mtoto alipona. Mayai yakaletwa yote mia, yakapangwa mbele ya mlango, kisha kijiwe kizima kikala mayai siku tatu. Sawat alikula mawili na yote mawili yalimkwama. Tangu siku hiyo wenzake wakienda kwa Babu, yeye huinama kufunga kamba za viatu.

Sasa sentensi moja tu ingewapa ngazi. Angemwambia dereva wa katapila, piga tu ndugu yangu, humo hamna mtu, na leo zege lingekuwa limekauka. Mara tatu alifungua mdomo, na kila alipoufungua alimwona Shangazi Champi akibadilisha chupa ya soda, anaichomekea mrija, anaugeuza mrija uelekee mlangoni. Akaufunga.

— Mimi naona tunamsingizia, Mek alikuwa anasema. Huenda Babu anaipenda treni.

— Ehee! Kasema mtaalamu.

— Sikilizeni basi. Kiyoyozi kule ndani ni baridi hadi meno yanagongana. Babu kakaa juani karne na karne. Tukimpa kadi ya treni, tukaiweka hapo mlangoni pamoja na ubani, atapanda.

— Kisha?

— Kisha atapumzika.

— Kisha hatarudi! Uan aliruka. — Atashuka kwenye yale maduka makubwa ya mjini, aone vile vijumba vya marumaru vinavyowekewa mashada ya maua meta mbili, arudi hapa kufanya nini? Kunywa soda na wewe? Mek, unataka kutupokonya Babu!

— Mimi nilitaka apate baridi tu...

— Halafu hamjui jambo moja, Uan aliendelea, sasa kapanda hasa. Aliishusha sauti mpaka wote wakasogea. — Mizimu yote iliyohamishwa kwa ajili ya reli hii, kuanzia stesheni ya kwanza hadi ya mwisho, imeunda umoja. Ina katibu. Ina mweka hazina. Inakutana kila mwisho wa mwezi katika lile behewa linaloegeshwa tupu karakanani. Mlinzi wa pale ni binamu yangu, kasema mlango hujifungua wenyewe, unakaa hivyo saa nzima, unajifunga.

— Na mwenyekiti nani?

Uan alinyoosha kidole kuelekea kijumbani, taratibu.

— Babu wetu?

— Kwa kura zote. Ndiyo maana yeye peke yake hajahama. Mwenyekiti huhama mwisho.

Kelele zilizofuata zilimwamsha mbwa wa duka la vipuri. Kop alisema mwenyekiti hawezi kutoka kijiwe cha watu kama Uan; Mek alitaka kujua kama umoja unapokea wanachama wapya; Uan aliapa kwa binamu yake. Katikati ya kelele hizo hakuna aliyemwona mwanamke aliyesimama nyuma yao, kofia nyeupe ya ujenzi kichwani, buti zenye tope, bahasha kwapani. Alikwisha salimia mara mbili.

— Samahani wajomba, alisema mara ya tatu. Mimi ni Orathai, injinia wa ngazi.

Benchi liliruka kusimama kama limechomwa. Wote waliunganisha viganja. Kop akampisha sehemu yenye kivuli, Shangazi Champi akamfungia kahawa bila kuuliza kama anataka.

— Karibu dada injinia, karibu sana, alisema Uan. Tulikuwa tunakuzungumzia wewe. Mazuri matupu.

— Nimesikia, alisema Orathai. Nimesikia na habari za mwenyekiti.

Uan aligeuka kuangalia pikipiki yake. Injinia aliinywa kahawa, akafumba macho kidogo kwa ile baridi, kisha akatembea hadi mbele ya kijumba. Aliunganisha viganja, akainama vizuri, akakaa hivyo muda wa kutosha. Hilo lilimpandisha cheo palepale machoni pa benchi zima. Alipogeuka alikuwa na kalamu mkononi.

— Nisiwapotezee muda, wajomba. Mimi nataka ngazi ishuke hapa. Nimeichora mwenyewe, ni ngazi nzuri, ina hata mteremko wa viti vya magurudumu. Kumhamisha Babu si tatizo. Mradi utamleta mzee wa ibada, utaleta meza, kichwa cha nguruwe, matunda, kila kinachohitajika, na nguzo mpya. Ila ofisini wanafunga michoro saa sita mchana. Nina swali moja tu, mkinijibu nasaini naondoka.

— Uliza kumi!

— Kijumba hiki ni cha nani?

Uan alimtazama Kop. Kop alimtazama Mek. Mek, kwa kukosa wa kumtazama, aliwatazama tembo wa udongo. Barafu ilisikika ikigongana katika ndoo ya Shangazi.

— Cha nani... namna gani? aliuliza Uan.

— Aliyekileta hapa na kukisimamisha. Yeye ndiye anayepaswa kumwomba Babu ahame. Siwezi kumtoa mtu nisiyemjua kwa ruhusa ya mtu nisiyemjua.

— Nadhani ni cha yule Mchina wa duka la dawa aliyehama, alisema Kop.

— Yule alikuwa na kijumba chake ndani, sakafuni, chekundu, alisema Uan. Hiki ni cha zamani zaidi. Kilikuwepo kabla ya barabara. Hapa palikuwa mashamba ya mpunga, na wafalme walipokuwa wanapita kwa tembo...

Injinia aliinama akapapasa chini ya nguzo. — Ni simenti hii, mjomba.

— Wafalme walikuwa nayo, lakini kidogo.

— Kuna hata stika ya kiwanda.

Uan aliinama akaisoma stika mwenyewe, mara mbili.

— Jamani, alisema Mek, ina maana mmemlisha miaka yote hii na hamjui nani alimleta?

Orathai alitazama saa. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta, vizibao sita vya rangi ya chungwa vilikuwa vimejipanga ukingoni vikiangalia huku, mikono kiunoni, na mmoja wao akapunga mkono kwa furaha kabisa.

— Asipopatikana mwenyewe, alisema kwa huruma, mchoro wa ng'ambo uko tayari. Sina la kufanya.

Mjomba Sawat alimtazama Shangazi Champi. Fon sasa ni muuguzi, analea wagonjwa wa homa ileile, na kila akija kumsalimia mama yake huanza kwa Babu. Akisema kijumba ni kitupu, yale mayai mia yalikuwa ya nani? Yale magoti? Lakini akinyamaza, wanaume ishirini na wawili wa kijiwe hiki watakaa juu ya benchi hili kutazama watu wakishuka ng'ambo, na Mek mwenye watoto wawili atakuwa wa kwanza kuuza pikipiki.

— Ni changu, alisema.

— Chako? Kop aliuliza.

— Mimi ndiye niliyekileta. Nilikiokota nyuma ya hekalu, miongoni mwa vile vilivyotupwa, ili manispaa wasibebe benchi. Sikumwita mzee wa ibada. Sikumwita mtu yeyote. Kijumba ni kitupu, jamani. Tangu siku ya kwanza ni kitupu. Nisameheni. Shangazi, wewe hasa nisamehe.

Kilichofuata hakielezeki kwa utaratibu.

— Na namba zangu? Uan alipiga kelele. Mara mbili! Nani alinipa?

— Bahati, Uan.

— Bahati! Mimi? Unanijua mimi, Mjomba! Mimi nikinunua yai linatoka bovu!

— Na mama mkwe wangu? Kop alishika kichwa. Alihama kwa hiari yake? Yaani anaweza kurudi?

— Mimi niliomba mtoto wa kiume, alisema Mek, nikapata wa kike, nikadhani Babu hasikii vizuri upande mmoja.

— Karakana je? Binamu yangu je? Mlango nani anaufungua?

— Shangazi, alisema Mjomba Sawat, sema neno.

Shangazi Champi hakuwa na haraka. Alimalizia kuchuja kahawa iliyokuwa katika soksi, akaining'iniza soksi kwenye msumari wake, akajipangusa mikono kwa aproni. Ndipo akageuka, na wote walishangaa kuona kwamba anajizuia kucheka.

— Nilikuona, alisema.

— Uliniona wapi?

— Hapa hapa. Kwani mimi huanza kuwasha jiko saa ngapi? Nilikuona unaingia kichochoroni umekifunga kijumba mgongoni mwa pikipiki, unaisukuma kwa miguu, unakiambia taratibu, taratibu, tumefika. Nikajificha nyuma ya gari langu la kahawa nisikutie aibu. Nikakuona unakisimamisha kimeelekea upande mbaya, ukakigeuza. Nikakuona unawasha ubani kwa kiberiti changu, na hujanirudishia mpaka leo.

— Ulijua? Miaka yote? Na soda? Na mayai?

— Tulia basi. Nikasema, huyu bwana ana akili lakini hana adabu. Analeta nyumba nzuri hivi, analeta na walinzi wawili wa udongo, halafu mwenyewe hamkaribishi? Siku ya pili, wewe umekwenda na abiria, nilimwita mzee wa ibada wa pale sokoni. Akaja na mavazi yake meupe, akasoma yote, akamkaribisha. Nilimlipa kahawa mwezi mzima, na alikuwa mnywaji! Kwa hiyo kitupu kilikuwa usiku mmoja tu, Sawat. Usiku mmoja. Babu yumo siku zote.

Uan alipiga ngumi hewani. — Nilisema! Si nilisema? Bahati, kumbe! Mimi na bahati wapi na wapi!

— Kwa nini hukuniambia? Mjomba Sawat aliuliza.

— Mwanzoni ulikuwa unajiona mjanja sana, sikutaka kukuharibia raha. Baadaye nikaona unafunga kamba za viatu, tena za ndara, nikajua inakuumiza. Nikasema atakuja kuniambia mwenyewe, nimsubiri. Alichota barafu, akaitia katika mfuko mpya, akammiminia kahawa nyingine na kumkabidhi. — Sikujua kama itabidi kwanza wajenge reli.

Sasa hata injinia alicheka, kofia ikamshuka machoni. Ila alikuwa mtu wa kazi. Alifungua bahasha, akaweka karatasi juu ya siti ya pikipiki ya Kop.

— Basi niandike nani? Aliyeleta nyumba au aliyemleta mwenye nyumba?

— Wote wawili! benchi lilijibu kwa pamoja.

— Fomu ina mstari mmoja.

— Kalamu si yako? alisema Kop. Andika herufi ndogo.

Orathai aliandika herufi ndogo. Jina la Champi lilitoka nje ya mstari likapanda pembeni mwa karatasi. Wote wawili walisaini, Shangazi kwanza, kisha Mjomba Sawat. Yule wa ng'ambo aliacha kupunga.

— Bado moja, alisema injinia. Babu mwenyewe kakubali?

— Mimi nilimwuliza asubuhi nikiweka soda, alisema Shangazi Champi. Hana neno. Anataka awekwe kule kwenye jua, karibu na gari langu, na mlango uangalie watu wakishuka. Ila kuna huyu mmoja ambaye hajawahi kuzungumza naye hata siku moja. Siwezi kumsemea.

Alimtazama Mjomba Sawat. Wakamtazama wote.

Mzee alivua kofia ya pikipiki, akaitundika kwenye usukani. Akamkabidhi Mek kahawa. Zile hatua tatu alizitembea kama zilikuwa mia, akavua ndara, akapiga magoti juu ya lami ya moto bila kujali, akaunganisha viganja mpaka vidole vikagusa paji la uso. Nyuma yake Uan alitaka kusema kitu, Kop akamziba mdomo.

— Hodi, Babu, alisema Mjomba Sawat. Samahani. Miaka yote nilidhani hakuna mtu.